Komandoo Hana Mwenyewe

Wewe uliyefungua daftari hili, sijui u nani wala umelipataje, lakini kabla hujafunua ukurasa wa pili nakuomba: usimwambie mtu. Usimsomee mwenzako nyumbani, usimsimulie rafiki hata kwa kucheka. Mimi ni karani. Nina mkataba wa miezi sita unaokwisha tarehe 30 Aprili, na barua ya kunipendekeza niajiriwe iko mikononi mwa mkuu wangu, ambaye hapendi mzaha. Ninachoandika humu si wizi wala fitina. Ni habari za mbwa. Lakini nikisikia hata neno moja la humu dirishani pa ofisi yetu nitajua limetoka kwako, na sitakuwa na pa kuuweka uso wangu.

Jumapili, 12 Januari

Bibi Kunegunda, mwenye nyumba ninayopanga, ameondoka leo kwenda Mpitimbi. Mdogo wake Suzana ameteleza kwenye tope akavunjika mguu, na hakuna wa kumpikia. Amesema atakaa wiki mbili. Ameniachia funguo, nusu gunia la unga, na mbwa wawili.

Niseme wazi walivyo, maana mtu akisikia mbwa anafikiria mbwa. Hawa wote wawili wanaenea kwenye ndoo ya lita kumi na bado unaweza kuibeba kwa mkono mmoja. Dume ni kahawia, macho yamemtoka kama mtu aliyesikia habari mbaya, na anaitwa Komandoo. Jike ni jeusi, anaitwa Malkia. Bibi alimpikia daktari mgeni kwa miaka tisa. Daktari alipohama, vyombo viliuzwa, gari likauzwa, mbwa wakabaki kwa Bibi.

Alinipa maagizo akiwa tayari na mwavuli mkononi.

"Komandoo hali mpaka akuone wewe umeanza. Malkia usimpe miiba ya samaki. Ukiwaona wanatetemeka si homa, ndivyo walivyoumbwa. Mvua ikinyesha wabebe mpaka uani wakajisaidie, wasitembee wenyewe, tope litawafika shingoni."

"Sawa, Bibi."

"Sema vizuri, Aidan. Wewe sawa yako huwa haina sauti."

"Sawa, Bibi!"

"Haya. Hao ndio ninaozungumza nao humu ndani, mjukuu wangu. Usinipotezee."

Jumatatu, 13 Januari

Mvua tangu alfajiri. Nimechelewa kazini dakika kumi na mbili. Nilikuwa natafuta buti langu la kulia. Komandoo alikuwa amelala ndani yake.

Alhamisi, 16 Januari

Leo Komandoo amemfukuza ng'ombe wa jirani. Ng'ombe hakujua kwamba anafukuzwa. Aliondoka kwa sababu majani yalikwisha, lakini Komandoo alirudi kifua mbele, akajimwagia nusu bakuli la maji akinywa. Baadaye kuku wa jirani huyohuyo akamkimbiza mara mbili kuzunguka nyumba. Hilo yeye halihesabu.

Malkia ana tabia ya kuiba soksi. Haziharibu. Anazipeleka nyuma ya gunia la unga na kuzilalia, kama anaziangulia. Nimeshaacha kuzitafuta kwingine.

Sikujua kwamba mtu anaweza kurudi nyumbani kwa mwendo wa haraka. Hapo zamani nilikuwa narudi tu.

Jumapili, 19 Januari

Baada ya misa ya kwanza mvua ilitulia kidogo, nikaona niwatoe wapate hewa. Niliwaingiza kwenye koti, vichwa vikatokeza kifuani. Pale kijiweni kwa vijana wa bodaboda, Edmund, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, akanipigia honi.

"Karani! Hao mbwa au panya buku?"

"Ni mbwa."

"Wanabweka, au mpaka uwachaji kwanza?"

Walicheka wote. Mmoja akaniita Mama Watoto. Nikasema, "Si wangu, ni wa mwenye nyumba." Ni kweli kabisa, si wangu. Lakini nililisema kama mtu anayetupa kitu kando ya barabara, na Malkia alikuwa ananilamba kidevu wakati nikilisema.

Kuanzia leo tutatoka kabla watu hawajaamka.

Jumatatu, 27 Januari

Bibi amepiga simu. Mguu wa Suzana haujaunga, atakaa mpaka mvua zipungue. Akasema, "Niwekee hao watu." Nikaweka simu mezani ikiwa na sauti kubwa. Aliposema "Komandoo wee," wote wawili wakazunguka meza wakimtafuta, kisha Komandoo akaenda kuchungulia nyuma ya simu. Nikamweleza Bibi. Alicheka mpaka salio likaisha.

Jumatatu, 3 Februari

Kata ya jirani mbwa mwenye kichaa ameuma watu wanne. Leo asubuhi Bwana Pankrasi, afisa mifugo wetu, ametuita mimi na Chiku, karani mwenzangu, akatusomea agizo akiwa amesimama. Jumamosi ya tarehe 22 kila mbwa ataletwa uwanja wa shule, ataandikwa kitabuni, atachanjwa na kufungwa utepe mwekundu shingoni. Mbwa asiye na mwenyewe atafungiwa ofisini kwetu siku saba. Asipojitokeza wa kumchukua, atapigwa risasi.

"Kitabu atashika Aidan," akasema. "Ana mwandiko mzuri na hana maneno mengi."

Ofisi yetu iko ng'ambo ya kijito, mwendo wa dakika ishirini kutoka ninapokaa. Hakuna mtu ofisini anayejua ninaishi na nani.

Jumatano, 5 Februari

Mvua. Malkia amekula kona ya kitambulisho changu cha kazi. Nimesema kililowa.

Jumanne, 11 Februari

Nimechora mistari ya kitabu siku nzima. Namba, jina la mwenye mbwa, mahali, simu, jina la mbwa, jinsia, rangi, kazi ya mbwa. Kwenye kazi Bwana Pankrasi ametoa majibu matatu tu: ulinzi, uwindaji, kufukuza nyani shambani.

Nikamwuliza, "Mzee, na mbwa asiye na kazi?"

"Mbwa asiye na kazi wa nini? Huyo ni mdomo wa kulisha. Unamjua mmoja?"

"Hapana, mzee. Nauliza kwa ajili ya kujaza."

Chiku akainua macho kwenye mashine ya kunakili. "Kuna wale wa kwenye simu, mzee. Wanavalishwa sweta. Wanaume wazima wanawabeba kama watoto wa kliniki."

"Mwanaume akambeba mbwa?" Bwana Pankrasi alishangaa kweli, hakuwa anatania. "Huyo nikimpa ofisi atabeba na mafaili kifuani."

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa muda mrefu kuliko wao.

Jumatano, 19 Februari

Nimeshapanga. Jumamosi nitawafungia ndani. Foleni ikiisha na watu wakitawanyika, nitarudi nyumbani haraka, niwalete ndani ya kikapu kilichofunikwa, nimwombe mchanjaji awadunge palepale kikapuni. Kitabuni nitaandika Kunegunda, mkazi, ulinzi. Ulinzi si uongo. Komandoo hajawahi kumruhusu mjusi kuingia.

Jumamosi, 22 Februari

Nitaandika yote, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa.

Asubuhi niliwafungia chumbani kwangu na kuziba chini ya mlango kwa kitambaa. Kwenye bafu lililo humohumo chumbani niliziba dirisha. Tundu la maji ya kuogea sikuliziba, maana nililiona dogo. Nilisahau ninaishi na nani.

Kufika saa tatu uwanja ulikuwa umejaa. Mbwa wa kuwinda kwa kamba za katani, mbwa wa duka kwa minyororo, mbwa wamefungwa na kanga za akina mama. Mimi niko mezani chini ya turubai, Chiku kulia kwangu anakata tepe, Bwana Pankrasi amesimama nyuma yetu. Nilikuwa nimefika namba 142. Mwenye mbwa alikuwa Edmund wa bodaboda, amemleta dume la baba yake, jeusi, kichwa kama sufuria.

Nikasikia watu wa mwisho wa foleni wanacheka. Kicheko kikaja mbele taratibu, mtu kwa mtu, kama kinakabidhiwa. Kisha nikamwona. Alikuwa ametapakaa tope mpaka masikioni, amevuka kijito, sijui alivukaje. Alikuja katikati ya mbwa wote wale bila kugeuza shingo. Alipofika kwa dume la Edmund akasimama na kulibwekea mara mbili, na lile dume, naapa, likaenda nyuma ya miguu ya Edmund. Watu wakashika magoti kwa kucheka. Mzee mmoja alikaa chini kabisa.

Komandoo akaingia chini ya meza, akasimama kwa miguu miwili, akaniegemea kwenye goti langu. Alikuwa anatetemeka mwili mzima kwa furaha. Alikuwa amenipata.

Bwana Pankrasi alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Na hiki ni kitu gani tena? Cha nani?"

Uwanja wote ulinitazama, au mimi niliona hivyo.

"Sijui, mzee," nikasema.

"Mbona yeye anakujua?" Chiku akauliza.

"Nimekula dagaa asubuhi. Labda harufu."

Edmund alikuwa mbele ya meza yangu kabisa. Nilijua atasema. Nilikuwa namngoja aseme, na nadhani angesema ningekubali, ningecheka, mambo yangeisha. Alinitazama, akamtazama Komandoo, akachukua cheti chake na kuondoka bila neno. Ni yeye aliyeniita Mama Watoto, na leo aliona aibu kwa niaba yangu.

"Andika basi," akasema Bwana Pankrasi. "Namba mia moja arobaini na tatu. Dume, kahawia. Hana mwenyewe."

Nikaandika. Penye jina la mbwa nikaweka mstari. Penye kazi nikaweka mstari.

Mchanjaji akambeba kwa ngozi ya shingo. Hakulia. Alinitazama tu kutoka juu kule, kama mtu anayesubiri umalize maongezi yako ili mwende nyumbani.

Jumapili, 23 Februari

Malkia hali. Ametoa soksi zote nyuma ya gunia, kaziacha katikati ya chumba.

Jumatatu, 24 Februari

Wamemweka kwenye banda la vifaranga nyuma ya ofisi. Nilipofungua geti tu, kabla sijasema hata shikamoo kwa mtu, alianza kulia kwa furaha. Nikampita. Saa saba wote walipokwenda kula nikampelekea ugali. Hakuula mpaka nilipomega na kula mbele yake, nimechuchumaa kwenye tope na tai yangu.

Siku saba zinaisha Jumamosi. Kesho nitasema.

Jumanne, 25 Februari

Bwana Pankrasi alikuwa na wageni wa halmashauri. Kesho.

Jumatano, 26 Februari

Bwana Pankrasi ameniambia ameanza kuandika barua yangu ya mapendekezo. "Nimeweka neno mwaminifu," akasema. Sikuweza leo.

Alhamisi, 27 Februari

Chiku ameniuliza kwa nini nina unga wa ugali kwenye tai. Kesho asubuhi, kabla ya kitu chochote, kabla hata ya kuketi.

Ijumaa, 28 Februari

Nilifika saa moja na nusu. Nilikuwa nimeyapanga maneno: Mzee, shikamoo, nina jambo, yule mbwa ni wa mama mwenye nyumba wangu, niliogopa. Maneno machache tu. Nilikuwa nayasema njia nzima.

Bwana Pankrasi hakuwa peke yake. Mbele ya meza yake alikaa mtu mwenye kofia ya pama, suruali imekunjwa mpaka magotini, mikono ina weusi wa tumbaku kwenye kucha.

"Aidan, njoo. Huyu bwana anaitwa Rupert, anatoka Namtumbo. Amekuja kwa ajili ya yule wa banda."

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nilileta mzigo jana, nikasikia mjini watu wanasimulia. Kambwa kadogo kametisha mbwa uwanja mzima!" Alicheka peke yake. "Nina binti, ana miaka minane. Hatembei vizuri, anashinda ndani. Mbwa wetu wa shamba wakali, hawachezi naye. Nikasema hako ndiko kanakomfaa."

"Mpigie wito, halafu umwandikie," akasema Bwana Pankrasi.

Wito ni utaratibu wetu wa mbuzi na ng'ombe waliopotea. Kabla mnyama hajakabidhiwa kwa mtu mwingine, karani anatoka barazani akiwa na mnyama na kuita mara tatu, ili mwenye mnyama akiwepo aitikie. Bwana Pankrasi hauruki utaratibu huo hata kwa kuku.

Nikaenda bandani nikamtoa. Nikambeba. Hapakuwa na namna nyingine, na ofisi nzima iliniona nimembeba, na hakuna aliyecheka, hata mmoja. Nilikuwa nimeogopa kitu hicho wiki sita, na kilipotokea hakikuwa kitu.

Barazani walikuwepo watu kama kumi wakisubiri huduma. Nikaita.

"Mwenye mbwa huyu ni nani?"

Mvua ilikuwa inadondoka kutoka kwenye bati. Komandoo alikuwa amelaza kidevu kwenye mkono wangu.

"Mwenye mbwa huyu ni nani?"

Mama mmoja akasema, "Kazuri jamani." Chiku alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama usoni. Nilijua kwamba anajua. Midomo yake ilifunguka kidogo, kama mtu anayemsaidia mtoto kukumbuka jibu darasani.

"Mwenye mbwa huyu ni nani?"

Nikangoja. Nilingoja kwa uaminifu kabisa, kama vile kuna mtu mwingine atakayetoka kwenye ile mvua na kuniokoa. Kisha nikaingia ndani nikakaa na kuandika.

Nikaandika: amekabidhiwa Rupert. Jina la ukoo alilitaja, sikulisikia, sikumwuliza tena. Mahali, nikaandika Namtumbo, bila kijiji. Simu, akasema yake imeingia maji, ataleta namba siku nyingine, nikasema hakuna shida. Mimi, ambaye huwarudishia watu fomu kwa kukosa tarehe! Nilitaka tu iishe. Nikagonga muhuri kwenye cheti, nikampa. Bwana Rupert akamweka Komandoo ndani ya koti lake la mvua, kichwa kikatokeza kifuani, akaondoka naye katikati ya watu akitembea wima.

Jumamosi, 1 Machi

Malkia ameshinda mlangoni.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Bibi alipiga simu, akasema nimwekee watu wake. Nikasema wamelala. Saa kumi na moja jioni.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda Namtumbo kwa basi la asubuhi. Nimeuliza kwenye mabanda ya tumbaku, dukani, kanisani. Wamenipa Rupert watatu. Wa kwanza ana umri wa miaka sita, wa pili ni mwalimu mstaafu aliyenikaribisha uji na kunieleza ubaya wa mbwa kwa saa nzima, wa tatu amefariki.

Stendi nimeongea na dada anayeuza chai na korosho, Sabra, mtu wa Tunduru.

"Mbwa mimi simgusi, kaka. Ulimi wake ukinigusa naosha mara saba. Lakini macho hayajakatazwa. Nitaangalia."

"Ni mdogo sana, dada. Kahawia."

"Mdogo kama nini?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Akaniangalia kuona kama namtania, kisha akasema, "Pole," kwa sauti ya msibani.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Soksi bado ziko katikati ya chumba. Nimezoea kuziruka.

Jumamosi, 22 Machi

Bibi amerudi bila kupiga simu. Nilikuwa nafua. Nilisikia geti, nikasikia Malkia akilia, nikasikia Bibi akisema, "Taratibu, taratibu, utaniangusha," kisha, "Mwenzako yuko wapi?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo mawili. Moja lilikuwa la nyoka, la pili la gari. Lakini Bibi alikuwa amesimama na mzigo bado kichwani. Nikamwambia yote nikiwa nimepiga magoti kando ya beseni. Uwanja, dagaa, banda, mzee, barua. Sikuruka kitu.

Akashusha mzigo. Akakaa kwenye kigoda.

"Ukatoka naye barazani."

"Ndiyo, Bibi."

"Umembeba wewe."

"Ndiyo."

"Ukaita mara tatu nani mwenye mbwa huyu. Sasa yeye, masikini, si atakuwa alidhani unamtambulisha kwa watu?"

Afadhali angenipiga. Akamwinua Malkia akamweka mapajani na kumfuta matope kwa kanga, kucha moja moja.

"Sikufukuzi, Aidan. Nikikufukuza nani atamtafuta? Jumatatu utambeba huyu mpaka ofisini kwako. Kwa njia ya sokoni. Si ndani ya koti."

Jumatatu, 24 Machi

Nimembeba Malkia mikononi kupitia sokoni, kama nilivyoagizwa. Kijiweni Edmund alizima pikipiki. Nilijua ni zamu yangu kusikia, nikasimama niisikie.

"Yule mwingine?" akauliza.

"Nimempoteza. Unajua nilivyompoteza."

"Najua." Akakuna shingo. "Namtumbo ninapeleka abiria mara moja moja. Nitauliza."

Ofisini niliketi mbele ya Bwana Pankrasi, Malkia mapajani, nikasema. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kitabu penye namba 143 na kugusa mwandiko wangu kwa kidole.

"Huu mwandiko wako?"

"Ndiyo, mzee."

"Hana mwenyewe."

"Ndiyo, mzee."

"Ungeniambia una mbwa ningecheka. Ningecheka mwezi mzima, nakuambia ukweli, maana hicho ulichobeba kinachekesha." Malkia alikuwa anamtazama bila kupepesa. "Halafu ningesahau. Lakini barua sitaimaliza. Si kwa sababu ya mbwa. Kwa sababu ya kitabu. Kesho utaniandikia mtu shamba la mwenzake kwa kuogopa kuchekwa."

Nikasema ana haki. Akanipa kalamu, nikamwandikisha Malkia. Mwenye mbwa, Kunegunda. Mtunzaji, Aidan. Kwenye kazi nilisita. Chiku, aliyekuwa anakata utepe na macho yamemjaa machozi, akasema, "Andika anazungumza na Bibi." Bwana Pankrasi hakukataa. Utepe wa kawaida ulimzunguka Malkia mara tatu.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua zinapungua. Bibi amempikia Malkia uji. Anaweka mabakuli mawili, kisha anaondoa moja.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumekwenda Namtumbo sote watatu, Bibi, mimi na Malkia kwenye kikapu kisichofunikwa. Sabra alituona kutoka mbali, akaja mbio akiwa na birika mkononi.

"Nimemwona! Jumanne. Binti amekaa juu ya magunia kwenye lori, kitu hicho kimesimama mapajani kwake kinaubwekea ule upepo. Nikauliza wanakwenda wapi, kondakta akasema upande wa Tunduru, Namasakata, baba yake amepata kibarua cha mikorosho. Nikapiga kelele, lori likaondoka."

Bibi akauliza, "Binti alikuwaje?"

"Anacheka, mama. Amekishika kwa mikono miwili hivi."

Bibi akakaa kwenye benchi la Sabra, akanywa chai yote. Kisha akasema, "Basi mtu amwambie huyo mtoto asimpe ugali mpaka aanze yeye kula. Atadhani mbwa mgonjwa."

Madereva na wapakiaji wote wa njia ya Tunduru hunywa chai hapa. Nilitaka kumwachia Sabra karatasi ya tangazo. Nikaanza kuiandika: amepotea mbwa. Nikaikata. Hakupotea. Nikaandika tena, nikaona naandika uongo mwingine mzuri zaidi. Kwa hiyo namwachia daftari hili lote, na nimemwomba Sabra alisome kwa sauti kwa yeyote atakayekaa kwenye benchi lake akielekea Namasakata.

Bwana Rupert, au yeyote anayemfahamu, fanya hivi. Namba yangu ya simu nimeiandika ndani ya jalada la nyuma, kubwa. Piga wakati wowote. Simu ikiwa bado mbovu, mwambie dereva yeyote wa basi amwambie Sabra, naye atanifikishia. Mpaka tarehe 30 Aprili nipo ofisi ileile ulikokabidhiwa Komandoo, dirisha la pili. Baada ya hapo sitakuwa karani tena. Shuka stendi ya Songea, uliza kijiwe cha bodaboda anakoegesha Edmund, yeye atakuleta bure mpaka kwa Bibi Kunegunda. Wakikuuliza unamtafuta nani, sema Aidan aliyemkana mbwa wake. Sema mbele ya watu. Mlete na binti, nauli yenu nitalipa ya kuja na ya kurudi. Siji kukunyang'anya, una cheti chenye muhuri, niliugonga mwenyewe. Mlete Komandoo Bibi amwone, Malkia amnuse, hata kwa saa moja, hata kama jioni mtaondoka naye.